Kumpangia mtoto mwenye usonji kishikwambi cha kuongelea: ubao wa maneno kwa Kiswahili

Mtoto wa miaka 3 hadi 6 mwenye usonji, ambaye haongei au ana maneno machache, anaweza kupata vitu viwili kwenye kishikwambi (Kenya wengi husema tableti). Cha kwanza ni sauti: anagusa picha, kifaa kinatamka neno (ukurasa wa vitufe hivyo vya picha ndio tunaouita ubao). Cha pili ni masomo na michezo: kulinganisha rangi, kuhesabu, kutambua herufi. Wazazi wengi huanzia kwenye masomo kwa sababu ndiyo yaliyojaa kwenye maduka ya programu. Baada ya miezi mitatu mtoto anazijua rangi zote kwenye skrini, na bado anajigonga kichwa mlangoni kwa kuwa hana njia ya kusema anataka kutoka nje. Kwa hiyo anza na sauti. Masomo yatafuata, na yatakuwa mepesi zaidi kwa mtoto anayeweza kusema "nisaidie".

Kabla ya kununua chochote, mpeleke apimwe masikio. Mtoto asiyesikia vizuri na mtoto mwenye usonji wanaweza kufanana sana wakiwa na miaka 3, na wengine wana yote mawili. Ukimpata mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, mwonyeshe mwongozo huu na mpange pamoja. Ukimkosa, hilo lisikuzuie kuanza.

Kifaa

Skrini ya inchi 8 ndiyo saizi inayofaa. Ya inchi 10 ni nzito kwa mtoto kuibeba mwenyewe kutoka chumbani hadi jikoni, na sauti asiyoweza kuibeba haimsaidii. Simu nayo ni ndogo, picha zinabanana na kidole kinagusa mbili kwa pamoja. Chukua chenye RAM ya GB 3 au zaidi na hifadhi ya GB 32. Chini ya hapo programu inachelewa kujibu, na mtoto aliyegusa "maji" asisikie kitu kwa sekunde mbili atagusa tena na tena, au ataachana nacho.

Dukani fanya jaribio moja ambalo watu husahau. Kiweke kishikwambi ndani ya kava la sponji lenye mpini unalotaka kununua, ongeza sauti mpaka mwisho, kisha simama hatua tano nyuma. Makava mengi ya watoto yanaziba tundu la spika, na neno linalosikika vizuri kwenye kimya cha duka halitasikika kwenye uwanja wenye watoto. Kama tundu limezibwa, mwombe muuzaji kava jingine, au likate sponji mahali hapo kwa wembe. Ongeza kioo cha kukinga skrini. Mahali ambapo umeme unakatika, pata pawabenki ya mAh 10,000, inajaza kishikwambi cha inchi 8 mara moja na ziada kidogo.

Kama uwezo upo, tenga kifaa kimoja kwa kuongea tu. Kikiwa na katuni ndani, mtoto atakiona ni katuni, na kila akikishika kuomba uji atataka kutoka kwenye ubao aende kwenye video. Kama kifaa ni kimoja tu, tumia kava mbili za rangi tofauti: ya bluu ikivaliwa, kinaongea, ya njano ikivaliwa, ni muda wa michezo. Inasaidia kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mtoto anaona tofauti hata kabla skrini haijawaka.

Kisha kifunge, ili mtoto asiweze kutoka kwenye programu ya kuongea. Kwenye Android ingia kwenye mipangilio ya usalama, andika "pin" kwenye kisanduku cha kutafutia, washa uwezo wa kubandika programu, na uweke sharti la namba ya siri kabla ya kubandua. Fungua programu ya kuongea, nenda kwenye orodha ya programu zilizo wazi, gusa alama ya programu hiyo na uibandike. Kwenye iPad kazi hiyo inafanywa na Guided Access, iliyo ndani ya mipangilio ya Accessibility: ukishaiwasha, bonyeza kitufe cha nyumbani (au cha juu kwa iPad zisizo na kitufe cha nyumbani) mara tatu. Unaweza hata kuzungushia kidole sehemu ya skrini ili isijibu, kwa mfano kitufe cha kufuta. Zima arifa zote na uweke hali ya ndegeni. Ujumbe wa WhatsApp ukishuka juu ya kitufe cha "naumwa" wakati mtoto analia, umemnyang'anya neno.

Programu

Majina ya programu hubadilika, vigezo havibadiliki. Inatakiwa ifanye kazi bila intaneti, ikubali picha ulizopiga mwenyewe, ikubali sauti uliyorekodi mwenyewe, isihamishe vitufe bila ruhusa yako, na iweze kutoa nakala ya ubao wote. Isiwe na matangazo hata moja.

Cboard ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiye na fedha za kununua programu. Ni ya bure na ya chanzo huria, inafunguka kwenye kivinjari na kwenye Android, na kila kitufe unaweza kukibadilishia maandishi, picha na kukirekodia sauti. Picha za kuchora zinapatikana kwenye hazina ya ARASAAC ya serikali ya Aragón, Uhispania. Alama zake zilichorwa na Sergio Palao na ni ruhusa kuzitumia bure ilimradi huzifanyii biashara.

Angalia sauti mapema. Injini ya sauti ya Google iliyo kwenye vishikwambi vingi vya Android ina sauti ya Kiswahili, lakini mara nyingi lazima uipakue kwenye mipangilio ya kubadili maandishi kuwa usemi, ukiwa na bando. Usipoipakua, programu itasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza: "nipe" inakuwa "naip", na mtoto anayejifunza kwa kusikia atalikariri hivyo hivyo. Kama sauti ya Kiswahili haipo, rekodi vitufe vyote mwenyewe. Kwa maneno ishirini ni kazi ya saa moja.

Kuchagua maneno: Kiswahili kina utaratibu wake

Hapa ndipo ubao unapofaulu au kuharibika. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, na inakuelekeza uweke kitufe cha "mimi", kitufe cha kutaka na kitufe cha kukataa, mtoto aviunganishe. Ukiifuata kwa Kiswahili utapata mtoto anayesema "mimi kutaka maji". Kitenzi chetu kinabeba mtu, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, kwa hiyo weka neno zima kama mtu anavyolisema: "naomba", "sitaki", "nisaidie", "twende", "naumwa".

Tatizo la pili ni ngeli. Ukiweka kitufe cha "ingine", mtoto atahitaji kingine, lingine, mwingine, mengine na nyingine, na huwezi kuweka vyote. Weka "tena". Neno hilo halibadiliki, linafaa kwa bembea, kwa wimbo, kwa uji, kwa kurushwa juu. Vivyo hivyo "imekwisha" na "yamekwisha" vinapishana kulingana na kinachozungumziwa, lakini "basi" inakaa vile vile. Ila uwe mwangalifu na picha yake. Usiweke picha ya gari la abiria kwa kuwa tu ndiyo iliyokuja ulipotafuta; weka viganja viwili vilivyofunguliwa. Gari la abiria, kama mtoto analipenda, lirekodi kama "daladala" au "matatu". Kwa sifa, anza na zisizochukua upatanisho: moto, baridi, safi, tayari. "Kubwa" na "zuri" zisubiri.

Naomba au nataka? Kwenye nyumba nyingi mtoto akimwambia mtu mzima "nataka" atarekebishwa, na mtoto anayesahihishwa kila akifungua mdomo huacha kuufungua. Weka "naomba", watu wote watamjibu kwa moyo mweupe. Lakini "sitaki" lazima iwepo tangu siku ya kwanza, hata kama bibi anaiona ni utovu wa adabu. Mtoto asiye na neno la kukataa hukataa kwa kung'ata, kutupa na kulala chini. Ukimpa hilo neno na ukaliheshimu, mengi ya hayo yatapungua.

Tengeneza gridi ya vitufe 20, safu nne za vitano, lakini ficha 11 na uonyeshe 9 tu. Kwenye skrini ya inchi 8 kila kitufe kitakuwa na takriban sentimita 3 kwa 2.5, inatosha kwa kidole cha mtoto wa miaka 4. Sababu ya kuanza na gridi kubwa iliyofichwa ni kwamba mtoto hukumbuka mahali kabla ya kukumbuka picha. Kidole chake kinazoea kwamba "tena" iko juu, ya nne kutoka kushoto, kama vidole vyako vinavyojua swichi ya taa ilipo gizani. Ukianza na vitufe 9 vikubwa kisha ukaongeza, kila kitu kinahama na mtoto anapoteza maneno aliyokuwa nayo.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Safu ya juu: shikamoo, naomba, sitaki, tena, basi. Ya pili: nisaidie, njoo, twende, angalia, bado. Ya tatu: naumwa, choo, moto, baridi, kitufe cha kufungulia ukurasa wa pili. Ya chini: maji, uji, na vitu vitatu anavyovipenda yeye, vilivyopigwa picha nyumbani. Vya kuonyesha mwanzoni ni naomba, sitaki, tena, basi, nisaidie, twende, naumwa, maji, na kitu kimoja anachokipenda kupita vyote (kwenye mifano ya chini tuchukue kwamba ni uji). Ukurasa wa pili ubaki umefungwa kwa miezi ya mwanzo.

Kuhusu picha: kwa vitu, piga picha ya kitu chenyewe. Kikombe chake chekundu cha plastiki, siyo glasi ya kwenye mtandao. Kiweke juu ya kanga isiyo na maua mengi au karatasi nyeupe, karibu na dirisha, na kijaze fremu. Watoto wengi wenye usonji huona ua lililo kwenye kanga kabla ya kikombe, na kwao kitufe kile kinabaki "ua". Kwa vitenzi tumia michoro ya ARASAAC, kwa sababu huwezi kupiga picha ya "tena".

Kurekodi

Kwa sauti ya nani? Mama anapenda kurekodi mwenyewe, na inaeleweka, lakini mtoto akigusa "naomba maji" akasikia sauti ya mama, kwake ni mama ndiye anayeomba. Mtafute mtoto wa miaka 7 hadi 10 wa jinsia ileile: kaka, dada, binamu, jirani.

Rekodi kwa nafsi ya kwanza tu. Watoto wengi wenye usonji hurudia wanachosikia kama kilivyo: ukimuuliza "unataka maji?" naye anajibu "unataka maji". Kitufe kinachosema "unataka uji?" kinampa neno la kuulizwa, hakimpi la kuomba. Zima feni, funga dirisha, shika kifaa umbali wa sentimita 20 kutoka mdomoni, na mtoto aseme kama anavyoongea, asisome kama shuleni. Kisha sikiliza mwanzo wa kila rekodi. Kimya cha nusu sekunde kabla ya neno kinatosha kumfanya mtoto abonyeze mara ya pili na kulikata neno. Rudia mpaka sauti itoke papo hapo.

Wiki mbili za kwanza: kidole ni chako

Kosa kubwa kuliko yote ni kumkabidhi mtoto kifaa na kumwambia "haya, bonyeza". Fikiria mtoto yeyote anavyojifunza kuongea: amesikia mwaka mzima kabla ya kutoa neno la kwanza. Huyu naye anahitaji kuona watu wakiongea kwa ubao kabla hajadaiwa kuutumia. Kwa wiki mbili unagusa wewe, huku ukiongea kama kawaida, na humdai chochote.

Chukua uji wa asubuhi. Badala ya kumjazia kikombe, mimina vijiko vitatu. Gusa "uji" wakati unasema, "Uji huu hapa." Akimaliza, gusa "tena", sema, "Tena? Haya, tena," ummiminie vijiko vitatu vingine. Fanya hivyo mara tano au sita. Mwishoni gusa "basi", geuza kikombe juu chini aone. Kwenye kikombe kimoja ameona "tena" ikifanya kazi mara tano au sita. Bembea ni bora zaidi kwa sababu unaweza kuisimamisha: sukuma mara nne, ishike, gusa "tena", sukuma. Kwenye kuvaa viatu ni "nisaidie". Mlangoni ni "twende". Lenga nyakati tano kwa siku, dakika mbili au tatu kila moja, zote ndani ya mambo ambayo yangefanyika tu. Huhitaji kiti wala meza ya masomo.

Wiki ya tatu anza kusubiri. Mimina vijiko vitatu, avimalize, weka ubao karibu na mkono wake, mtazame kwa uso wa kungoja, na uhesabu moyoni mpaka kumi. Kumi kamili. Watu wazima wengi hawafiki nne. Wanasema, wanauliza, wanabonyeza wenyewe. Mtoto huyu anahitaji muda wa kusikia, kufikiri, na kuuelekeza mkono. Kumi ikipita bila kitu, angalia "tena" kwa macho. Bado? Onyesha kwa kidole bila kugusa. Bado? Gusa wewe, mpe uji, mwendelee. Usimshike mkono na kuubonyeza kitufe. Ukifanya hivyo anajifunza kunyoosha mkono wake kwako ili umbonyezee, na tabia hiyo huchukua miezi kuondoka.

Akigusa chochote, jibu kama amekisema kwa mdomo. Akigusa "maji" kwa bahati mbaya, mpe maji hata kama unajua alitaka mpira. Akiyasukuma, gusa "sitaki", sema, "Hutaki maji," ondoa. Hapo amejifunza maneno mawili. Na usimfanyie mtihani. "Nionyeshe maji yako wapi? Embe iko wapi?" ni maswali ambayo jibu unalijua, hayampi kitu, na baada ya siku chache ubao unakuwa mahali pa kusumbuliwa.

Karibu na mwezi wa pili fungua "shikamoo". Mgeni akiingia, mtoto anagusa, mgeni anaitikia "marahaba" na kumtazama usoni. Kwa wazee wa nyumba, mara nyingi hicho ndicho kitufe kinachogeuza mawazo yao kuhusu kifaa kizima.

Yatakayoharibika

*Anabonyeza kitufe kimoja mara arobaini.* Ama anaisikiliza sauti kama mtoto mchanga anavyocheza na "bababa", ama anaomba kweli na hajibiwi. Ikiwa ni ya kwanza, punguza sauti na umwache. Atapita hatua hiyo. Usikichukue kifaa. Ikiwa anaomba embe na embe zimekwisha, usikifiche kitufe. Mfungulie "bado", gusa "embe", kisha "bado", na umwonyeshe bakuli tupu. Atalia. Lakini ametumia neno na wewe umelisikia, na kufuta neno lake kungekuwa sawa na kumziba mdomo.

*Anakitumia kwa mama peke yake.* Ni kwa sababu wengine hawakugusa ubao mbele yake. Baba, dada wa kazi na bibi kila mmoja achague wakati mmoja wa siku ulio wake.

*Kimechukuliwa kama adhabu.* Kosa hili hufanywa na watu wema waliochoka. Huwezi kumnyang'anya mtoto anayeongea ulimi wake kwa kuwa amemwaga maji. Kishikwambi cha michezo unaweza kukifunga. Cha kuongea kamwe.

*"Akizoea hicho hataongea tena."* Hili utaambiwa na watu unaowaheshimu, na wanalisema kwa upendo. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walichapisha uchambuzi wa tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia mbadala za kuwasiliana: katika kesi 27 zenye ushahidi imara zaidi, hakuna hata moja ambayo usemi ulipungua, na katika asilimia 89 uliongezeka. Mwaka 2014 timu ya mtafiti wa Marekani Connie Kasari ilifuatilia watoto 61 wenye usonji, wa miaka 5 hadi 8, wenye maneno machache sana. Walioanza tiba wakiwa na kifaa cha kutoa sauti walizungumza kwa hiari yao zaidi ya waliopewa tiba ileile bila kifaa. Si kila mtoto ataongea kwa mdomo. Lakini kifaa hakimzuii.

Programu za masomo

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku ya kukaa mbele ya skrini, na ikipungua ni bora. Ubao wa kuongea usiuhesabu humo. Michezo na masomo yahesabu.

Jaribu kila programu mwenyewe kwa dakika kumi kabla ya kumpa, na ufanye jambo moja makusudi: kosea. Programu nyingi hutoa mlio wa kuchekesha ukikosea, "boing", na uso unaotikisika. Kwa mtoto mwenye usonji mlio huo unaweza kuwa mtamu kuliko zawadi ya kupatia, naye atakosea siku nzima ili ausikie. Mzazi anadhani hajui rangi, kumbe anazijua vizuri sana. Kosa linatakiwa lisitoe sauti yoyote. Fataki za kupatia nazo zisizidi sekunde mbili, na ziweze kuzimwa. Kazi moja kwa kila ukurasa, mandhari tupu, hakuna kitu kinachotembea pembeni. Khan Academy Kids, ya watoto wa miaka 2 hadi 8, ni ya bure na haina matangazo, ila imeandikwa kwa Kiingereza; chagua humo kazi za kulinganisha na kupanga, zima sauti, uongee wewe.

Kipindi kimoja kiwe dakika 10. Na kinachojifunzwa kwenye skrini kishuke chini siku hiyohiyo: amelinganisha rangi kwa kidole, basi weka kwenye mkeka vizibo vya soda vyekundu na vya kijani na bakuli mbili. Asipoweza kwenye mkeka, bado hajajifunza rangi. Amejifunza mchezo ule.

Kumaliza ndiko kunakoleta vilio, na sababu yake ni kwamba skrini hukatwa ghafla. Tengeneza picha mbili kwenye karatasi moja: kushoto "kwanza", kulia "halafu". Kwanza kishikwambi, halafu bembea. Kinachofuata kiwe kitu anachokipenda. Ukimtoa kwenye mchezo kumpeleka kunyolewa, umetafuta ugomvi. Weka saa ya kupima muda ambayo rangi yake inapungua kadiri muda unavyokwisha, mwonyeshe zikibaki dakika mbili na ikibaki moja, kisha afunge yeye mwenyewe na kukitia kwenye boksi lake. Ukimpa "dakika moja tu" ya nyongeza leo kwa sababu amelia, kesho atalia zaidi.

Masomo bora kuliko yote ni ya kujitengenezea kwa kamera. Kwa mtoto anayeogopa kinyozi, piga picha nane: mlango wa saluni, kiti, kitambaa, mashine imezimwa, mashine mkononi, nywele chini, kioo, kurudi nyumbani. Zipange kwenye albamu, kila moja na sauti fupi: "Nakaa kwenye kiti." "Mashine inalia, hainiumi." Rekodi pia mlio wa mashine, ausikilize kwa sauti ya chini kabisa, kila siku juu kidogo, kwa wiki moja kabla ya kwenda. Kwa kunawa mikono, mrekodi dada yake kwa sekunde 40, kamera ikiwa usawa wa macho ya mtoto, mikono tu ionekane. Aitazame mara mbili, kisha nendeni bombani papo hapo.

Karatasi, daftari na nakala

Piga picha ya skrini ya ubao, ichapishe kwa rangi kwenye A4 kwenye duka la steshenari, na uilamineti nakala tatu: moja bafuni, moja kwenye mkoba, moja kwa mwalimu. Maneno yawe mahali palepale. Karatasi haitoi sauti, lakini haizimiki, na inakwenda ufukweni. Mwalimu mwonyeshe kwa vitendo namna ya kusubiri mpaka kumi; maelezo ya mdomo hayatoshi. Kenya, vituo vya EARC (Educational Assessment and Resource Centres) vinavyopima watoto wenye mahitaji maalumu vinaweza kukuelekeza shule. Tanzania, uliza shule za msingi zenye kitengo cha elimu maalumu.

Kwenye daftari andika mambo manne kwa kila neno aligusalo bila kusaidiwa: tarehe, neno, mahali, na aliyekuwa naye. Usiandike yale uliyomwonyesha. Neno likitumika kwa siku tatu tofauti na watu wawili tofauti, ni lake. Fungua vitufe viwili vipya. Maneno saba au nane yakishakuwa yake, fungua ukurasa wa pili na uweke vitenzi vya ku-: kula, kulala, kucheza, kuoga, kuimba. Hivyo vinaungana na "naomba" na "sitaki" bila kubadilika hata herufi, kwa hiyo vitufe vitano vinampa sentensi kumi. "Sitaki kuoga" inaweza kuwa sentensi yake ya kwanza. Mpongeze, mpe dakika tano, kisha akaoge.

Kila unapobadilisha kitu, toa nakala ya ubao kwenye faili na uitume kwenye barua pepe yako, pamoja na rekodi za sauti. Kishikwambi kitaanguka kwenye ndoo siku moja, na kipya kinatakiwa kiongee maneno yaleyale, mahali palepale, jioni hiyohiyo.